Vifaranga Wanne wa Ziwa Jekundu

Novemba 2006, kaskazini mwa Madagaska, watafiti wawili wa The Peregrine Fund, shirika la kuhifadhi ndege, Lily-Arison Rene de Roland na Thé Seing Sam, walikuwa wamekwenda kumtafuta ndege mwingine kabisa: mwewe anayewinda juu ya vinamasi, ambaye naye ni adimu. Njia ikawafikisha Bemanevika, nyanda za juu zenye misitu na vijiziwa vilivyotuama ndani ya vinywa vya volkano za kale. Kimojawapo huitwa Matsaborimena, yaani ziwa jekundu. Majini palikuwa na bata wa rangi ya kahawia iliyoiva hadi kukaribia weusi, madume wakiwa na jicho jeupe kabisa, kama kifungo cha shati. Wakahesabu wakubwa tisa. Kando yao, vifaranga wanne walioanguliwa karibuni.

Ilikuwa ni miaka 15 tangu bata wa aina hiyo aonekane mara ya mwisho kwa uhakika. Wengi walishamhesabu pamoja na marehemu. Habari ilipotoka, sisi tunaofuatilia mambo ya ndege tuliipokea kwa mikono miwili, na kilichotufurahisha zaidi ni wale wanne wadogo. Bata mzee anaweza kuwa mabaki tu. Kifaranga maana yake kuna kiota, kuna jike anayeatamia, kuna kesho. Ndivyo tulivyosoma. Tulisoma vibaya, na kisa chote kimo ndani ya kosa hilo.

Nianze na jambo dogo la lugha, maana linanichekesha kila nikilikumbuka. Bukini ndilo jina la zamani la Madagaska katika Kiswahili. Kwa hiyo tunaposema “bata bukini” tunasema bata wa Madagaska, ilhali tunayemtaja ni yule ndege mkubwa mweupe mwenye shingo ndefu anayefukuza watoto uani, ambaye asili yake wala si huko. Bata halisi wa Bukini, aliyeumbwa huko na asiyeishi porini mahali pengine popote duniani, hatukuwahi kumpa jina. Wanasayansi humwita Aythya innotata. Ni bata mzamiaji: hali majani ya ukingoni wala hachokonoi tope kwa kuinua mkia kama bata wa nyumbani. Anazama mwili mzima, anapekua chini, anaibuka na kiluwiluwi cha mdudu mdomoni. Shikilia hilo la kuzama, tutalirudia.

Makao yake yaliyojulikana zaidi yalikuwa Alaotra, ziwa kubwa kuliko yote Madagaska. Ni ziwa la kina kifupi, lililozungukwa na mafunjo na matete, na mabonde yake ndiyo ghala la mpunga la nchi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakusanyaji wa Kizungu waliweza kuwakamata bata hawa huko na kuwapeleka Ulaya, wakazaliana kwa muda kwenye mabwawa ya watu, kisha ukoo ukakatika. Mwaka 1960 lilionekana kundi la bata 20 hivi. Baada ya hapo, kimya. Mwaka 1991 dume mmoja alikamatwa ziwani, akapelekwa Antananarivo, akafugwa, akafa. Wataalamu walizunguka vijiji vya Alaotra miaka na miaka wakionyesha picha na kuahidi zawadi. Hakuna aliyeleta bata.

Alaotra hapakuwa na muuaji mmoja. Vilima vilivyokatwa miti vilimomonyoka na udongo ukashuka ziwani. Vinamasi vikageuzwa mashamba. Nyavu za nailoni zilizotegewa samaki zikanasa chochote kilichozama. Wakaletwa samaki wa kigeni, perege, karpi na wengine, wakala mimea ya majini na wadudu waliokuwa riziki ya ndege. Hadithi hiyo watu wa Ziwa Victoria hawahitaji kusimuliwa. Palikuwa pia na kibisi wa Alaotra, ndege mdogo mzamiaji aliyepatikana huko tu. Mwaka 2010 akatangazwa rasmi kuwa ametoweka. Bata angeandamana naye kama isingekuwa kile kijiziwa cha mlimani ambacho hakuna aliyefikiria kukitazama.

Na kwa nini kijiziwa kile kilibaki salama? Hapa ndipo mambo yanapoanza kunoga. Ziwa lililo ndani ya kinywa cha volkano lina kingo zinazoshuka ghafla, kama bakuli refu. Huwezi kulima mpunga ukingoni kwa sababu ukingo wenyewe haupo: hatua mbili na maji yamekufika shingoni. Ni mbali na barabara, ni dogo, halina uvuvi wa kumtoa mtu kijijini na mtumbwi. Lilinusurika kwa kutofaa kitu.

Hesabu zilizofuata ziliwatoa watu jasho. Bata wote waliojulikana walikuwa kama 25, wote kwenye eneo hilo moja la vijiziwa, na majike walikuwa wachache kuliko madume. Ugonjwa mmoja, moto mmoja wa nyasi, na habari imekwisha. Jambo la ajabu zaidi lilikuwa kwamba idadi haikupanda. Mwaka unaingia mwaka unatoka, viota vinaonekana, vifaranga wanaonekana wakimfuata mama yao kwa mstari kama shanga, na bado ukirudi kuhesabu wakubwa unawakuta walewale.

Mwishoni mwa 2009 ikaamuliwa kwamba kungoja ni hatari kuliko kuingilia kati. Shirika la Durrell na la Wildfowl & Wetlands Trust, la kwanza la kisiwa cha Jersey na la pili la Uingereza, pamoja na The Peregrine Fund, Asity Madagascar na serikali ya nchi, wakatuma kikosi kwenda kuchukua mayai. Hawakuchukua bata wakubwa. Waliogopa kumkosa hata mmoja. Mayai yakatolewa kwenye viota vya ukingoni, yakawekwa kwenye mashine ya kutotolea papo hapo kando ya ziwa, na walipototolewa vifaranga wakasafirishwa kwa barabara mbovu kushuka hadi mji wa Antsohihy, kwenye joto, mbali na ukungu wa kwao. Kituo cha kuwalea kilikuwa bado hakijajengwa. Vifaranga wa bata adimu kuliko wote duniani wakaanza maisha yao katika hoteli ya mjini.

Waliona uchungu kuyatoa mayai yale, na mtu yeyote angeuona. Mama ameatamia wiki kadhaa, wewe unakuja na kikapu. Lakini sasa tunajua kilichokuwa kikiwasubiri vifaranga wale kama wangeachwa.

Watafiti walipokaa na ziwa, wakihesabu viota, wakifuatilia kila kundi la vifaranga kwa tarehe, wakipima kina na kuchota tope la chini kuona lina nini, picha ilijitokeza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Viota vilifanikiwa vizuri. Mayai yaliangua. Wakubwa waliishi bila taabu kubwa. Tatizo lilikuwa kipande kimoja tu cha maisha: vifaranga 96 kati ya kila 100 walikufa wakiwa na wiki mbili hadi tatu.

Mtu akisikia hivyo haraka atamtafuta mnyama: paka, panya, kicheche, mwewe. Nami ningeanza huko. Lakini mnyama mwindaji hana sababu ya kungoja kifaranga afikishe wiki mbili; angewamaliza siku za mwanzo wakiwa wanene, wajinga na wazito wa mbio, na angeparua viota pia. Ugonjwa nao ungegusa wakubwa. Vifo vinapojirundika kwenye umri uleule, mwaka huu na mwaka ujao, ujue kuna kitu kinachokwisha katika umri huo. Kilichokuwa kinakwisha ni chakula. Walikuwa wanakufa njaa.

Aliyefuga bata ataelewa upesi. Kwetu walikuwapo bata wa kawaida, na bata akitotoa mapema masika yakiwa yameshika, hapakuwa na kazi. Vifaranga wanazurura na mama yao kwenye madimbwi, wanachota minyoo, wanameza mbu, jioni wanarudi vifua vimejaa hadi wanayumba. Akitotoa mwishoni, mvua zimekatika, madimbwi yamekauka na minyoo imeshuka chini, mama yangu alikuwa akisema, “Hao mtalea wenyewe.” Na kweli tulilea: pumba iliyoloanishwa, dagaa waliosagwa, beseni la maji lenye jiwe katikati ili mdogo apate pa kupandia asizame. Siku tatu za kwanza ungedhani anatania, maana kifaranga hutoka kwenye yai akiwa amebeba masalia ya kiini tumboni mwake, akiba ya kuanzia safari. Wiki ya kwanza bado ni mwepesi, anatosheka na kidogo. Wiki ya pili mwili unaanza kudai. Miguu inarefuka, mifupa inajenga, manyoya ya utotoni yanataka kubadilishwa, na mlo wa jana hautoshi leo. Kama chakula kilikuwa hakitoshi, hapo ndipo unapomkuta asubuhi amelala pembeni ya banda, mwepesi mkononi kama soksi.

Kwa vifaranga wa Matsaborimena kila msimu ulikuwa kiangazi. Chakula chao kiko chini ya maji, kwenye tope, na kina cha ziwa kinakwenda upesi kupita uwezo wa kifua kidogo. Mkubwa anaweza kuzama, kukaa chini, kupekua, kuibuka, na kurudia hivyo saa nyingi za siku hadi ajaze tumbo. Mdogo wa wiki mbili ana pumzi fupi na mwili unaoelea kama kizibo. Nafasi pekee iliyo ya saizi yake ni utepe mwembamba wa maji mafupi ukingoni, na utepe huo kwenye ziwa la bakuli karibu haupo. Tena ziwa lenyewe ni fukara wa wadudu. Kwa hiyo mama anawaongoza kwa uaminifu wote kwenye malisho yake mwenyewe, ambayo watoto hawayafikii.

Sasa rudi kwenye ule ukingo mkali. Ndio uliozuia mpunga. Ndio uliowaweka wavuvi mbali. Ndio uliomwokoa bata huyu hadi 2006. Na ndio huohuo uliokuwa ukimnyima kizazi, kifaranga mmoja baada ya mwingine. Sijui kisa kingine ambamo kitu kimoja kimefanya kazi mbili zinazopingana namna hiyo bila hata kubadilika.

Kosa letu sote lilikuwa kudhani kwamba mahali mnyama anapopatikana ndipo anapopapenda. Tulimkuta mlimani kwenye ziwa la kina kirefu, basi vitabu vingeanza kuandika: bata wa mlimani, mpenda maziwa ya kina. Hapana. Alikuwa mkimbizi. Ukimkuta mtu amelala chini ya daraja wakati wa mafuriko, huandiki kwamba makazi yake ni darajani. Makao yake yalikuwa Alaotra na mfano wa Alaotra: maji mapana, mafupi, yenye matete na wadudu tele, mahali pa kifaranga kuzama sentimita chache na kuibuka ameshiba. Sehemu hizo zote zilishachukuliwa, akabaki na ile ambayo hakuna aliyeitaka.

Na kosa la pili ni lile la kuhesabu. Bata mkubwa anaishi miaka kadhaa. Ziwa linaweza kuonekana hai kwa muda mrefu wakati uzazi umekwisha kitambo, mradi wazee wapo na kila mwaka vifaranga wanaonekana kwa wiki mbili tatu. Mgeni akipita Novemba anaona familia. Akirudi msimu mwingine anaona familia tena, na bata wengi waliopoteza mayai au vifaranga hutaga upya, kwa hiyo hata mwishoni mwa msimu utakuta vidogo vingine vipya majini, na moyo wako utatulia. Wale wanne wa 2006 walikuwa na nafasi ndogo sana ya kufika utu uzima, kwa hesabu iliyokuja kujulikana baadaye. Ushahidi uliotupa matumaini ulikuwa ni vifaranga waliokaribia umri wa kufa.

Kule Antsohihy, mbali na ziwa, jambo hilo lilithibitishwa kwa namna rahisi kabisa: walipopewa chakula, hawakufa. Vifaranga waliotoka kwenye mayai ya 2009 walikua, wakabadilisha manyoya, madume macho yakawa meupe. Kituo kikajengwa. Mwaka 2012 ikatangazwa kwamba vifaranga 18 wametotolewa kituoni, na idadi ya bata wote waliojulikana ikafika 60. Damu ile ile na mayai yale yale. Tofauti ilikuwa sahani.

Sehemu iliyobaki ndiyo iliyokuwa ngumu, na haikuwa ya kisayansi sana. Bata wapo, wapelekwe wapi? Kuwarudisha Matsaborimena ni kuwarudisha kwenye njaa. Kuwapeleka Alaotra kama ilivyo ni kuwatupa wavuni. Ikabidi kutafuta ziwa fupi lenye matete ambalo watu wake wangekubali kuishi nalo kwa namna nyingine, na likachaguliwa Ziwa Sofia, kaskazini mwa nchi. Hapo hakuna bata aliyeachiwa hadi mazungumzo na vijiji vinavyovua na kulima kandokando yamekwenda miaka. Nalisifu hilo kuliko mashine zote za kutotolea. Hakuna mkulima wa Alaotra aliyeamka asubuhi kwenda kuangamiza ndege. Aliamka kwenda kulima wali wa watoto wake. Ukija na bata bila kujibu suala la wali, bata atashindwa, na atastahili kushindwa.

Desemba 2018 wakaachiwa bata 21. Namna walivyoachiwa inanifurahisha kama mtu aliyewahi kupoteza vifaranga kwenye beseni. Walichukua teknolojia ya vizimba vya kufugia samaki aina ya salmoni kule Scotland, wakavigeuza mabanda ya ndege yanayoelea: wavu juu, wavu pembeni, maji ya ziwa lenyewe chini. Bata waliokuzwa kandoni mwa ziwa wakaingizwa humo wiki ya mwisho ili wajue ladha ya maji, mawimbi, sauti za usiku, kabla mlango haujafunguliwa. Hata baada ya kufunguliwa, viliachwa vituo vya chakula vinavyoelea na visiwa vidogo vya kupumzikia. Kwa lugha ya kwetu: jiwe katikati ya beseni.

Nina wasiwasi wangu. Bata 21 ni wachache; wavu mmoja uliotegwa vibaya unaweza kula nusu yao. Ziwa Sofia nalo lina moto wa vinamasi, lina uvuvi, lina mashamba yanayosogea, yaani lina kila kilichoiua Alaotra, kwa kiwango kidogo zaidi. Aidha wote wametokana na mayai machache ya majike wachache, na damu ikishabanwa kiasi hicho haifunguki kwa mwaka mmoja. Wapo wanaouliza kama fedha hizo zisingesaidia zaidi mahali pengine, na swali lao si la kijinga.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho Matsaborimena haikuweza kukitoa na Sofia ilikitoa mapema: bata walioachiwa walianza kuzaa ziwani wenyewe. Huko kifaranga wa wiki mbili akichoka kukaa juu ya maji anainamisha kichwa, anasukuma kwa miguu yote miwili, mkia unapotea, viputo vinapanda. Anagusa chini. Anaibuka na kitu mdomoni.